Kodi ya Mauzo kwa Wanukuzi wa Mahakama Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa Waswahili walioko Marekani wanaonukuu mashauri au kuendesha ofisi ndogo za kazi hiyo, na kwa wale walioko nyumbani wanaochapa kesi za Kimarekani kupitia intaneti. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mwaka ankara zinapokaguliwa. Majibu yanaeleza sheria inavyokwenda kwa ujumla. Jimbo lako ndilo lenye neno la mwisho.

## Tuanzie hapa

1. Mnukuzi wa mahakama ni nani, na anauza nini hasa?

Ni yule anayeketi karibu na jaji au katikati ya mawakili, vidole vikiwa juu ya mashine ya hatimkato, akinasa kila neno linalotamkwa. Kwetu Afrika Mashariki, kwa miaka mingi jaji au hakimu mwenyewe ndiye aliyeandika mwenendo wa shauri kwa mkono, shahidi akiambiwa asubiri kalamu imfikie. Marekani kazi hiyo ni fani kamili. Wapo walioajiriwa na mahakama, na wapo wanaojitegemea. Hawa wa pili huitwa zaidi kwenye deposisheni, yaani pale shahidi anapohojiwa chini ya kiapo nje ya mahakama kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Itazame ankara yake vizuri. Kuna ada ya kuhudhuria, malipo ya kila ukurasa wa mwenendo, nakala za ziada, nyongeza ya haraka, pengine maneno kuonekana kwenye skrini papo hapo, vielelezo na usafirishaji. Mistari hiyo haifanani mbele ya kodi, na hapo ndipo matatizo karibu yote ya ukurasa huu yanapoanzia.

2. Kodi ya mauzo si ndiyo VAT?

Siyo. Wenye umri wataikumbuka: Kenya iliiacha kodi ya mauzo mwaka 1990 ilipoanzisha VAT, na Tanzania Bara ikafuata Julai 1998. Marekani ilibaki nayo, tena haina ya kitaifa. Majimbo 45 pamoja na Washington, D.C. hutoza, kila moja kwa sheria yake. Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hayana kodi ya mauzo ya jimbo, ingawa Alaska miji yake inaruhusiwa kutoza.

Tofauti inayouma mfukoni ni kwamba hakuna kurudishiwa kodi ya manunuzi. Ukinunua mashine ya hatimkato na kulipa kodi dukani, hiyo imekwenda. Huidai tena mwisho wa mwezi kama mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT Nairobi au Dar es Salaam.

3. Nipe jibu fupi: nitoze au nisitoze?

Katika majimbo mengi, kazi yenyewe ya kunukuu haitozwi, kwa sababu tu sheria haikuitaja. Yapo machache yanayoitaja, na yapo yanayotoza karibu kila huduma bila kutaja moja moja. Kwa hiyo usiulize kwanza "nina msamaha?" Uliza "sheria ya jimbo hili imenigusa?" Ikiwa haijakugusa, msamaha wa nini?

## Sheria inavyofikiri

4. Kwa nini huduma nyingi ziliachwa?

Kodi hizi zilizaliwa miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Majimbo yalihitaji fedha haraka, na kilichokuwa rahisi kuhesabu ni bidhaa ya dukani. Huduma ilitozwa pale tu bunge la jimbo lilipoiandika kwa jina.

Waliojaribu kupanua baadaye walikiona. Florida ilianza kutoza huduma kwa upana Julai 1987, zikiwemo za mawakili na matangazo, na kelele zilizofuata zilifanya bunge lifute sheria hiyo Desemba mwaka huo huo. Michigan ilipitisha kodi ya huduma mwaka 2007 na kuifuta siku ile ile ilipoanza kutumika. Ndiyo maana orodha za huduma zinazotozwa ni viraka: zinafuata nani alikuwa na sauti mwaka ule, zaidi ya mantiki yoyote.

5. "Haitozwi" na "imesamehewa" zina tofauti gani? Si yote ni sifuri?

Kwenye ankara, ndiyo, yote ni sifuri. Kwenye ukaguzi, hapana.

Kitu kisichoguswa na sheria hakihitaji cheti cha msamaha. Mkaguzi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba sheria inakigusa, na kanuni ya kawaida ni kwamba sheria ya kutoza ikiwa na utata, utata huo humfaa mlipakodi. Msamaha ni kinyume chake: sheria imekushika, kisha ikakuachia kwa sharti. Hapo mzigo wa kuthibitisha ni wako, na utata humfaa mtoza kodi. Pennsylvania imeandika kanuni zote mbili waziwazi katika sheria yake ya kutafsiri sheria.

Wanukuzi wengi husema "tuna msamaha" kumbe wamo katika kundi la kwanza, ambalo ni bora. Neno hilo ukilitumia kwenye barua kwa mkaguzi, umejivika mzigo usio wako.

6. Pennsylvania inasemaje hasa?

Ni mfano mzuri kwa sababu neno lenyewe limeandikwa. Mwaka 1991 jimbo hilo, likiwa na pengo kubwa la bajeti, liliingiza huduma kadhaa za biashara kwenye kodi ya mauzo. Miongoni mwake ni huduma za ukatibu na uhariri: kuhariri, kuandika barua, kusahihisha, kuandika wasifu wa kazi, kuchapa. Halafu tafsiri hiyo hiyo, yaani kifungu kinachoeleza maana ya huduma hizo, ikasema hazijumuishi kunukuu mahakamani na stenografia (uandishi wa hatimkato).

Bila sentensi hiyo, wanukuzi wangemezwa. Uainishaji wa zamani wa biashara wa serikali ya shirikisho uliwaweka wao na makatibu katika fungu moja, namba 7338. Uainishaji mpya umewapa namba yao, 561492. Angalia pia kwamba sentensi hiyo imekaa ndani ya tafsiri ya neno, nayo huitoa kazi hiyo nje ya huduma inayotozwa tangu mwanzo. Rudi swali la 5 uone kwa nini hilo lina faida.

7. Ni wapi basi nitatozwa?

Connecticut inataja stenografia katika orodha yake ya huduma zinazotozwa, na kiwango cha jimbo ni asilimia 6.35. Ukivuka kutoka Pennsylvania kwenda huko kwa siku moja ya deposisheni, neno lile lile lililokutoa kwenye kodi ndilo linalokuingiza.

Kundi jingine ni Hawaii, New Mexico na South Dakota. Huko huduma hutozwa isipokuwa iliyoachwa kwa jina. Hata ada ya wakili inatozwa. Hawaii ina mtindo wake: kodi ni juu ya mapato ya biashara, siyo juu ya mteja, ila mfanyabiashara anaruhusiwa kumbebesha mteja. Katika kisiwa chake cha Oahu kodi ni asilimia 4.5, lakini utaona 4.712 kwenye ankara, kwa sababu kodi uliyompitishia mteja nayo ni mapato yanayotozwa.

## Mstari kwa mstari kwenye ankara

8. Kazi yangu haitozwi. Je, nakala za ziada?

Hapa ndipo pa kukaa chini na kalamu.

Majimbo mengi hutumia kipimo cha lengo halisi: mteja alikuwa anataka nini? Aliyeagiza mwenendo kwa mara ya kwanza alitaka sikio, ustadi na kiapo cha mnukuzi. Karatasi ni chombo tu cha kubebea kazi. Lakini wakili wa upande wa pili anayekuja baadaye kununua nakala ya kitu ambacho tayari kipo, amenunua nini? Jimbo linaweza kusema amenunua karatasi zilizochapwa, yaani mali inayoshikika, na mali inayoshikika hutozwa.

Kanuni za California zinaeleza tofauti hiyo kwa mfano wa mtunzi wa vitabu. Akimpa mchapishaji mswada wake halisi ili uchapishwe, hakuna kodi, kwa kuwa kilichouzwa ni kazi ya akili. Nakala tupu za kazi hiyo zikiuzwa, kodi inaingia.

Bei zenyewe zinasema hivyo hivyo. Katika mahakama za shirikisho, kabla ya viwango kupandishwa Oktoba 2024, ukurasa wa mwenendo halisi wa kawaida ulikuwa na ukomo wa dola 3.65, na wa nakala ya kwanza senti 90. Jasho limo katika ile ya kwanza. Ya pili ni mashine ya kurudufu.

Si kila jimbo linafuata mstari huo kwa nakala za mashauri. Ila mahali usipojua, tenganisha mstari wa nakala na mstari wa mwenendo halisi tangu siku ya kwanza.

9. Nikituma PDF badala ya karatasi?

Katika majimbo yanayotoza mali inayoshikika pekee, faili lililopita hewani halishikiki. California ni mojawapo: faili lililotumwa kwa njia ya kielektroniki peke yake, bila kitu cha kushika mkononi, halina kodi ya mauzo. Ukiongeza nakala ya karatasi au kifaa cha USB "kwa ajili ya kumbukumbu", umeharibu hoja yako kwa kitu cha dola mbili.

Tahadhari: majimbo kadhaa sasa hutoza bidhaa za kidijitali kwa jina, kwa hiyo jibu la California usilibebe kwenda kwingine.

10. Sikuwepo chumbani. Nimepewa rekodi ya sauti niichape. Bado ni kunukuu mahakamani?

Swali gumu kuliko yote hapa, na linaongezeka kila mahakama inapofunga vinasa sauti badala ya kuweka mtu. Ikiwa unachapa kikao rasmi na kutia saini ya kuthibitisha kwamba mwenendo ni sahihi, una hoja ya kuwa ndani ya fani. Ikiwa wakili amekupa sauti yake akiamuru barua na maelezo ya kesi nawe unachapa tu, hiyo ni kazi ya katibu. Pennsylvania hiyo inatozwa asilimia 6 ya jimbo, na Philadelphia jumla yake ni asilimia 8.

Naona watu wakiandika "huduma za unukuzi" kwenye kila ankara, za aina zote mbili, wakidhani jina litawakinga. Mkaguzi hufungua faili na kusoma kilichochapwa.

11. Naweza kuandika kiasi kimoja tu cha jumla?

Unaweza, ila unajitafutia. Majimbo mengi yakikuta kinachotozwa na kisichotozwa vimefungwa pamoja kwa bei moja, hutoza fungu zima. Video ya deposisheni kwenye diski, vielelezo vilivyojalidiwa na nakala za ziada viwe na mistari yao.

## Mteja ni nani?

Maswali ya sehemu hii yanahusu majimbo au mistari ambako kodi ipo. Kama kazi yako haiguswi kabisa (swali la 3), hadhi ya mteja haibadilishi kitu.

12. Mteja wangu ni serikali. Namtoza?

Serikali ya shirikisho haitozwi moja kwa moja na jimbo lolote. Msingi wake ni katiba, na mizizi yake ni kesi ya McCulloch v. Maryland ya mwaka 1819. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho ikikulipa yenyewe, hakuna kodi.

Majimbo mengi pia husamehe manunuzi yao na ya kaunti zao. California haisamehi: idara ya jimbo hilo hulipa kodi ya mauzo kama mteja mwingine yeyote, jambo linalowashangaza wengi wanaohamia huko.

13. Shirika la msaada wa kisheria linanionyesha barua ya 501(c)(3), yaani ya kutambuliwa na serikali ya shirikisho kama shirika lisilo la faida. Inatosha?

Haitoshi. Hadhi hiyo ni ya kodi ya mapato ya shirikisho. Msamaha wa kodi ya mauzo hutolewa na jimbo, kwa maombi yake na cheti chake. New York shirika hukupa fomu ST-119.1, Pennsylvania hutumika REV-1220. Iombe kabla ya kutuma ankara.

14. Wakili anasema mteja wake ana msamaha, basi naye anao.

Uliza swali moja: nani aliagiza na nani analipa? Kwa kawaida msamaha humfuata mnunuzi anayelipa kwa fedha zake. Kampuni ya mawakili iliyoagiza kwa jina lake, ikalipa, kisha ikadai fedha kwa mteja wake, ndiyo mnunuzi. Kuwa wakili, au kubeba kesi kwa hisani, hakumpi mtu msamaha.

15. Nanukuu kwa niaba ya wakala, naye ndiye anayemtoza wakili. Nani anakusanya kodi?

Kodi ya mauzo imekusudiwa kumwangukia mtumiaji wa mwisho. Katika jimbo linalotoza, wakala kwa kawaida hukupa cheti cha kuuza tena (hati inayoonyesha kwamba ananunua ili amuuzie mwingine), nawe humtozi. Yeye ndiye hukusanya kwa wakili. Bila cheti mkononi, mkaguzi anaweza kukudai wewe, hata kama wakala alilipa zamani.

16. Vyeti nivitunze vipi?

Kimoja kwa kila mteja, kimejazwa chote, kina saini na sababu ya msamaha. Kiwepo kabla au wakati wa mauzo. Cheti kilichotafutwa baada ya barua ya ukaguzi kufika hutazamwa kwa jicho la pembeni.

## Kuvuka mipaka ya jimbo

17. Ofisi yangu iko jimbo moja, wateja wako kumi. Najisajili kote?

Hadi mwaka 2018 ulihitaji kuwa na mguu ndani ya jimbo: ofisi, mfanyakazi, mali. Tarehe 21 Juni mwaka huo, Mahakama ya Juu katika South Dakota v. Wayfair iliondoa sharti hilo. Sasa kiasi cha mauzo peke yake chaweza kukufunga. Pennsylvania na majimbo mengi ni dola 100,000 kwa mwaka. California na Texas ni 500,000. New York ni 500,000 pamoja na mauzo zaidi ya 100.

Kuna mtego: baadhi ya majimbo huhesabu mauzo yako yote kufikia kiwango hicho, hata yasiyotozwa. Unaweza kulazimika kujisajili ili uripoti sifuri. Na kumbuka kwamba mguu bado unahesabika. Kumtuma mnukuzi Connecticut ni kuwa Connecticut.

18. Deposisheni ilifanyika kwa Zoom: shahidi Texas, wakili Connecticut, mimi Ohio.

Kwa huduma, majimbo mengi hutazama mahali mteja anapoipokea au kufaidika nayo, siyo ulipoketi wewe. Kwa mfano huu, anza na sheria ya aliko wakili aliyeagiza. Andika anwani ya kupokelea kwenye kila ankara. Bila hiyo, mkaguzi atachagua ya kwake.

19. Muuzaji wa jimbo jingine hakunitoza. Nimepona?

Hapana. Kila jimbo lenye kodi ya mauzo lina pacha wake, kodi ya matumizi, ambayo mnunuzi hujitoza na kuilipa mwenyewe. Mawakili husahau hili sana.

20. Niko Nairobi, nachapa kesi za Kimarekani. Hii kodi inanihusu?

Ukiwa unafanya kazi chini ya kampuni ya Marekani inayouza kwa mawakili, kwa kawaida wewe si muuzaji wa mwisho (swali la 15), na kampuni ndiyo yenye mzigo. Itakuomba fomu W-8BEN, ambayo ni ya kodi ya mapato: kazi iliyofanywa nje ya Marekani na mtu asiye mkazi wala raia wa huko si mapato ya chanzo cha Marekani.

Kodi yako iko KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Tangu 1 Julai 2023 huduma inayotolewa kwa matumizi nje ya Kenya iko kwenye kiwango cha sifuri cha VAT, na usajili wa VAT ni lazima mauzo yanapofika shilingi milioni 5 kwa miezi 12. Kiwango cha sifuri hakikuondolei kodi ya mapato.

## Mambo yakiharibika

21. Nilitoza kodi mahali nisipopaswa. Naweza kubaki nayo?

Kamwe. Fedha iliyoandikwa "kodi ya mauzo" ni amana. Mrudishie mteja au ipeleke jimboni. Ukiila, ulinzi wa kampuni yako hausaidii, maana majimbo humfuata mwenye biashara binafsi kwa fedha ya amana.

22. Sijatoza kwa miaka, na sasa naona nilipaswa. Ninyamaze?

Kunyamaza kuna gharama moja usiyoiona. Kwa kawaida jimbo lina miaka mitatu au minne ya kukudai, lakini saa hiyo huanza kuhesabu unapowasilisha ritani. Asiyewasilisha hata moja hana ukomo. Majimbo mengi yana mpango wa kujitangaza kwa hiari: unalipa miaka michache ya nyuma pamoja na riba, adhabu zinasamehewa au kupunguzwa. Sharti ni kwamba uanze wewe. Barua yao ikifika kwanza, mlango huo kwa kawaida umefungwa, kwa hiyo wengi humtuma mhasibu au wakili kuulizia bila kutaja jina la biashara.

23. Nimepiga simu idara ya kodi wakaniambia sitozwi. Inatosha?

Jibu la simu halina saini. Andika barua, eleza kazi yako mstari kwa mstari kama ilivyo kwenye ankara, na uombe uamuzi wa maandishi. Eleza yote, hata yale ya swali la 10 usiyopenda kuyataja, kwa sababu uamuzi unakulinda kwa mambo uliyoyaweka wazi tu.